Kionjo cha Sungura wa Nyumbani: Kipimo Chake na Hatari Zilizo Jirani

Mada kwa wakazi wa Kata ya Bomang'ombe kuhusu ulishaji salama wa sungura



Bomang'ombe ni mji ambao jina lake lenyewe linataja boma na ng'ombe. Ndiyo maana panapozungumzwa mifugo hapa, mazungumzo huanzia kwa ng'ombe wa maziwa, yakafuata mbuzi, nguruwe na kuku. Sungura hutajwa mwisho, na pengine hatajwi kabisa. Hata hivyo yumo uani, katika nyumba za mjini na katika vihamba vya Machame na Masama, na mara nyingi mlezi wake ni mtoto. Mtoto huyo ndiye aliyempa jina, ndiye amkatiaye majani atokapo shuleni, na ndiye hulia pale anapomkuta asubuhi amelala ubavu, tumbo limejaa na miguu imekakamaa.

Mada hii inahusu kionjo, yaani kile kidogo anachopewa sungura nje ya chakula chake cha kila siku ili kumfurahisha au kumzoesha mkono wa mtu. Ni kipande cha karoti, ganda la ndizi, ukoko wa mkate, tonge la ugali lililobaki sahanini. Jambo hili huonekana dogo mno kuzungumzwa mbele ya hadhara. Lakini sungura aweza kufa kwa njaa, na aweza vilevile kufa kwa wema. Wema usio na kipimo humdhuru kwa njia ambayo mbuzi au nguruwe hadhuriki, na mwenye nyumba asiyefahamu sababu hudhani mnyama amerogwa au amepigwa na baridi. Sababu imo ndani ya mwili wa sungura mwenyewe, nayo inaeleweka.

Sungura huyu ni nani

Sungura wa hadithi, yule mjanja anayemshinda fisi na simba kwa akili, ni mnyama wa porini wa Afrika. Sungura anayefugwa katika banda la mbao ni mwingine. Asili ya wazazi wake ni nchi za Hispania na Ureno, ambako waliishi katika mashimo waliyochimba ardhini na kula nyasi ngumu za nchi kavu. Bustani hazikuwapo katika maisha yao, wala miti ya matunda. Walipata nyasi, magome, vijiti na magugu, na mwili wao ukajengeka kufuatana na chakula hicho. Katika hadithi sungura huyatamani matunda yaliyo juu, akayakosa, akaenda zake. Sungura wa nyumbani huletewa matunda hayo mpaka mdomoni, na tumbo lake halikuandaliwa kwa karamu ya namna hiyo.

Mambo manne kuhusu mwili wake yanatosha kueleza karibu kila ushauri utakaofuata.

La kwanza ni meno. Sungura ana meno 28, na yote huendelea kukua maisha yake yote. Kinachoyasaga yasirefuke kupita kiasi ni kutafuna nyasi kwa saa nyingi kila siku. Sungura anayekula vitu laini huota meno marefu yenye ncha, yakamchoma ulimi na mashavu, naye huacha kula kwa maumivu ilhali chakula kiko mbele yake.

La pili ni utumbo kipofu. Huu ni mfuko mkubwa katika utumbo wa sungura, uliojaa vijidudu vyema vinavyochachusha nyasi na kuzigeuza kuwa lishe. Vijidudu hivyo huishi kwa nyasi. Sukari na wanga vikiingia kwa wingi, vile vyema hudhoofika na vibaya huongezeka, hewa hujaa tumboni, na katika hali mbaya zaidi hutengenezwa sumu ambayo humwua mnyama kwa muda mfupi.

La tatu ni kwamba sungura hawezi kutapika. Mbwa aliyekula kitu kibaya hukitoa, na mtoto wa binadamu hali kadhalika. Kwa sungura, kilichoingia kimeingia, na hakina njia nyingine ila kusafiri mpaka mwisho.

La nne ni kwamba utumbo wake haupaswi kusimama. Nyuzi za nyasi ndizo zinazousukuma. Zikikosekana, utumbo hupunguza mwendo, kisha husimama, na utumbo uliosimama ni hatari ya kifo.

Hapo pia hueleweka tabia inayowashangaza watoto. Sungura hutoa vinyesi vya aina mbili: gololi kavu zinazoonekana sakafuni, na vingine laini vilivyoshikana kama kishada cha zabibu. Hivi vya pili huvila mwenyewe moja kwa moja vinapotoka, kwa kuwa vina protini na vitamini zilizotengenezwa katika utumbo kipofu. Si uchafu wala si ugonjwa, na mtoto asimzuie. Lakini vishada hivyo vikionekana vimelala sakafuni bila kuliwa, mara nyingi ni dalili kwamba anapewa vitamu kupita kiasi.

Nyasi kwanza

Hakuna kionjo kilicho salama kwa sungura asiyekula nyasi za kutosha. Sehemu nane au zaidi kati ya kumi za chakula chake zinapaswa kuwa nyasi, mbichi au kavu, na zisikosekane bandani mchana wala usiku. Kipimo rahisi ni fungu la nyasi kavu lenye ukubwa wa mwili wake kila siku.

Katika Wilaya ya Hai nyasi ni elimu ya zamani. Akina mama wa milimani wamekuwa wakiteremka tambarare kukata majani na kupanda nayo kichwani hadi vihambani kwa ajili ya ng'ombe wa zizini. Sungura anahitaji sehemu ndogo tu ya mzigo huo. Nyasi za Rhodes zilizokaushwa ni nzuri sana kwake. Mabingobingo machanga yanafaa, majani ya mahindi yanafaa, na nyasi za kawaida za uwanjani zinafaa ikiwa mahali pale hapajapuliziwa dawa wala hapapitiwi na mbwa. Nyasi zinazoota kando kabisa ya barabara kuu ya Moshi–Arusha zisichukuliwe, kwa sababu ya moshi, mafuta na taka za magari.

Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, nyasi ni nyingi lakini zimelowa. Majani mabichi sana yakilundikwa huchemka na kuchacha, na yakiliwa hivyo huleta gesi tumboni. Yatandazwe kwanza kivulini mpaka maji ya juu yakauke. Mvua zikipungua, kaya yenye busara hukata nyasi kabla hazijakomaa na kuwa mabua, huzianika na kuzigeuza kwa siku mbili au tatu, kisha huzihifadhi juu ya kichanja mahali pakavu. Fungu lenye harufu ya uvundo au vumbi jeupe la ukungu halifai, hata kama ni la mwisho.

Vionjo vinavyofaa

Baada ya nyasi kutosha, kionjo kinaruhusiwa, na habari njema ni kwamba vionjo vilivyo bora havinunuliwi dukani.

Vya kwanza ni majani na magugu. Majani ya viazi vitamu, yaani matembele, hupendwa sana na sungura. Majani ya karoti ni bora kwake kuliko karoti yenyewe. Mchunga, ambao wengine huula kama mboga chungu, humfaa, na kishona nguo akiwa mchanga, kabla hajatoa mbegu za kunasa, humfaa pia. Kipande cha jani la mgomba humpa kazi ya kutafuna na humchangamsha. Katika bustani ya viungo yapo majani ya giligilani, rehani na mnanaa, ambayo hupewa matawi machache kwa harufu na ladha yake. Kwa sungura mkubwa mwenye uzito wa kilo mbili hivi, majani mchanganyiko yanayojaa kiganja cha mtu mzima mara moja au mbili kwa siku yanatosha, mradi amekwisha kuyazoea.

Mchicha, spinachi na sukuma wiki havikatazwi, lakini visitolewe peke yake siku baada ya siku. Mchicha na spinachi vina asidi ambayo ikizidi hudhuru figo. Kabichi huwajaza gesi sungura wengi, na mfugaji hapungukiwi na kitu akiiacha. Lusina, ambayo hupandwa kwa ajili ya ng'ombe na mbuzi, ina kemikali inayoweza kumnyonyoa sungura manyoya akiila kwa wingi. Ikiwa lazima itumike, iwe kijitawi kidogo ndani ya nyasi nyingi.

Vya pili ni mizizi na matunda, na hapa ndipo kipimo kinapohitaji mkono mgumu. Dunia nzima imeaminishwa kwamba karoti ndiyo chakula cha sungura, na sehemu ya imani hiyo imeenezwa na katuni, hasa yule Bugs Bunny wa Marekani aliyeanza kuonekana mwaka 1940 akitafuna karoti bila kikomo. Karoti ina sukari nyingi kwa mnyama mdogo kiasi kile. Kipande chenye ukubwa wa pingili ya kidole gumba kinatosha, mara mbili kwa wiki.

Papai bivu, embe bila kokwa, pera, nanasi, tufaha lililoondolewa mbegu, tikiti maji na ndizi mbivu vyote vinaweza kuonjwa. Kwa sungura wa kilo mbili, tunda la aina yoyote lisizidi vijiko viwili vya chai kwa siku inapotolewa, na siku hizo zisizidi mbili kwa wiki. Ndizi mbivu ipunguzwe zaidi kwa kuwa ina wanga na sukari pamoja: kipande chembamba kimoja, basi. Wilaya yenye migomba mingi kama hii ina kishawishi kikubwa cha kumpa sungura ndizi kila siku, na kishawishi hicho ndicho cha kukataliwa.

Vya tatu ni vya kuguguna. Kijitawi cha mpera au cha mtufaha ambacho hakijapuliziwa dawa, pamoja na gunzi kavu safi la hindi lililotolewa punje, humshughulisha na kuyasaidia meno. Gunzi liondolewe likianza kumeguka vipande vya kumezwa.

Visivyofaa, na vilivyo sumu

Kundi la kwanza la vitu visivyofaa hutoka jikoni. Mkate, chapati, andazi, biskuti, ugali, wali na punje kavu za mahindi ni wanga mtupu kwa utumbo wa sungura. Maziwa na mtindi havimfai mkubwa. Pipi na chokoleti visimkaribie, na chokoleti ni sumu kwake. Maharage makavu yasiyopikwa yana sumu yake. Vitunguu maji na vitunguu saumu huharibu damu. Machicha ya mbege, ambayo katika nyumba nyingi za Wachaga hupelekewa ng'ombe na nguruwe, ni nafaka iliyochacha. Yabaki kwa ng'ombe na nguruwe.

Chakula cha kuku nacho kina hatari isiyoonekana. Baadhi ya vyakula vya kuku vya viwandani huchanganywa dawa za kuzuia ugonjwa wa kuhara damu, na baadhi ya dawa hizo ni sumu kwa sungura hata kwa kiasi kidogo. Banda la kuku na banda la sungura yanaweza kuwa jirani, lakini vyombo vya chakula visichanganywe.

Kundi la pili ni lile ambalo wakazi wa Hai wanapaswa kulikumbuka kuliko mengine, kwa kuwa limo katika kila kihamba. Parachichi ni sumu kwa sungura. Majani yake, magome, ganda, kokwa na hata nyama ya tunda vina kemikali inayodhuru moyo, na mnyama hupumua kwa shida, huvimba na hufa. Mbuzi, farasi na ndege pia hudhurika. Mparachichi huangusha majani mwaka mzima, na mtoto anayekusanya majani chini ya miti hawezi kuona tofauti asipoelekezwa. Banda la sungura lisiwekwe chini ya mparachichi, na ganda la parachichi lisitupwe mahali anapotembezwa.

Majani ya viazi mviringo na ya nyanya ni sumu, na vilevile kiazi chenye rangi ya kijani. Mzazi amfafanulie mtoto vizuri: majani ya viazi vitamu ni chakula, ya viazi mviringo ni hatari. Majani mabichi ya muhogo yana sumu ambayo kwa binadamu huondolewa kwa kutwanga na kupika kisamvu kwa muda mrefu, na sungura hapikiwi. Mbarika, datura lenye maua kama tarumbeta, lantana yenye vishada vya maua ya rangi mbalimbali, oleanda inayopandwa kwa urembo, na minyaa ya uzio, vyote viepukwe. Isale, ambalo Wachaga wamelitumia tangu zamani kuweka mipaka na kuombea msamaha, libaki na heshima hiyo. Jamii ya mmea huo inajulikana kuwadhuru mbwa na paka, na hakuna sababu ya kumjaribishia sungura.

Mbegu za tufaha na kokwa za pichi zina sumu pia, hivyo tunda lisafishwe kabla ya kutolewa.

Kundi la tatu ni dawa za mashambani. Mikahawa hupuliziwa dawa za shaba dhidi ya chulebuni na kutu ya majani, na nyanya za mashamba ya umwagiliaji hupuliziwa dawa za wadudu na ukungu mara kwa mara. Matone hayaishii kwenye kahawa na nyanya. Huangukia magugu yaliyo chini, yale yale ambayo mtoto huyaona mabichi na mazuri. Kibandiko cha kila dawa hutaja siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na siku hizo zihesabiwe kwa magugu kama zinavyohesabiwa kwa zao lenyewe. Mwenye shamba anayepuliza dawa humfanyia jirani hisani kubwa akimjulisha siku hiyo watoto wasikate majani pale.

Kundi la nne ni ukungu. Mahindi na pumba zilizooza, ambazo mtu hawezi kuzila, hupelekwa kwa mifugo kana kwamba tumbo la mnyama ni jalala. Mwaka 2016 sumukuvu iliyomo katika nafaka ilisababisha vifo vya watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu inayoweza kumwua mtu mzima haiwezi kuwa kionjo cha mnyama wa kilo mbili.

Namna ya kutoa

Sungura mchanga anayeachishwa kunyonya, kwa kawaida kati ya wiki ya nne na ya sita, yuko katika kipindi kigumu. Apewe nyasi kavu na chakula kile kile alichokiona kwa mama yake. Majani mabichi yaongezwe polepole, na matunda yasubiri mpaka atimize miezi mitatu au zaidi.

Kwa sungura wa umri wowote, kitu kipya hutolewa kimoja kwa wakati. Apewe jani moja leo, kisha atazamwe kwa saa 24. Gololi zikiendelea kuwa kavu, za duara na nyingi, kesho aongezewe. Zikilainika au zikipungua, kitu hicho kiachwe. Anayetoa vitu vitano vipya kwa siku moja hatajua ni kipi kilichomwumiza mnyama wake.

Majani yaoshwe kwa maji safi na kukung'utwa. Nyasi zilizochafuliwa na kinyesi cha wanyama wengine zaweza kuleta minyoo, na zile zilizoguswa na kinyesi cha sungura wagonjwa huleta ugonjwa wa koksidia, ambao ni adui mkubwa wa sungura wadogo. Chakula kiwekwe katika kihori kilichoinuliwa, kisitupwe sakafuni penye mkojo. Kionjo kilichobaki kiondolewe kabla ya usiku.

Ipo imani kwamba sungura hanywi maji kwa sababu majani yana maji. Imani hiyo imewapunguzia sungura wengi maisha. Sungura wa kilo mbili huweza kunywa kati ya mililita 100 na 300 kwa siku, na zaidi wakati wa joto au anapokula nyasi kavu. Tambarare ya Bomang'ombe ina joto kali kuliko vihamba vya juu, na joto likifikia nyuzi 30 sungura huanza kutaabika. Maji safi yawepo daima, na banda liwe kivulini.

Anapokataa kionjo

Kionjo kina faida nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Ni kipimo cha afya. Sungura anayekimbilia jani la giligilani kila jioni, kisha siku moja akaligeuzia kisogo, ametoa taarifa. Mtoto anayemlisha ndiye wa kwanza kuipokea, na anapaswa kufundishwa kuieleza nyumbani siku hiyo hiyo.

Dalili nyingine ni kujikunja pembeni, kusaga meno kwa sauti, tumbo kuwa gumu au kujaa kama ngoma, kuhara, na gololi kuwa ndogo sana au kukosekana. Sungura ambaye hajala wala kutoa kinyesi kwa saa 12 yuko hatarini, na hapaswi kusubirishwa mpaka wiki ijayo. Matunda na chakula cha nafaka viondolewe, awekewe nyasi na maji, awe mahali patulivu penye joto la kadiri, na afisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo ataarifiwe mara moja. Atakayeulizwa awe tayari kueleza mnyama alikula nini katika siku mbili zilizopita, kwa kuwa jibu hilo hufupisha kazi ya mtaalamu.

Dawa za binadamu zisitumike. Amoksilini na dawa nyingine za jamii ya penisilini, zikipewa sungura kwa mdomo, huua vile vijidudu vyema vya utumbo kipofu na zaweza kumwua mnyama aliyekusudiwa kuponywa. Muuza dawa za mifugo naye aelezwe wazi kwamba mgonjwa ni sungura, kwa sababu dawa inayomfaa mbuzi haimfai kila mnyama.

Malezi ndani ya malezi

Ndugu wananchi, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka anayemiliki mnyama kumtunza na kumwepusha na mateso. Katika nyumba nyingi sheria hiyo humfikia mtoto kwanza kwa njia ya sungura, hata kama hajawahi kusikia jina lake. Sungura ni mdogo, ni mpole, halii kwa sauti, na maumivu yake huyaficha kwa kuwa porini anayeonyesha udhaifu huliwa. Anayemlea hana budi kutazama, maana hataambiwa.

Wazazi wanashauriwa kuweka utaratibu mdogo nyumbani. Mtoto aonyeshwe, kwa kutembea naye bustanini na kihambani, majani matano yanayofaa na mimea mitano isiyogusika, mparachichi ukiwa wa kwanza. Kijiko kimoja cha chai kitengwe kuwa kijiko cha sungura, ili kila anayetoa tunda apime badala ya kukadiria. Apangwe mtu mmoja wa kutoa kionjo kwa siku, maana pale kila mwana nyumba anapotoa kidogo chake bila kumwambia mwenzake, vidogo vitano vinakuwa kimoja kikubwa. Wageni na majirani waombwe wasitupie chochote bandani. Mtoto anawe mikono kwa sabuni kabla na baada.

Walimu wenye mabanda ya sungura shuleni wanaweza kufanya vivyo hivyo kwa ubao mdogo wenye orodha mbili, unaotundikwa mlangoni mwa banda. Wanafunzi wataisoma wakati wa mapumziko, ambao ndio wakati mabaki ya maandazi hutafuta pa kwenda.

Anayefuga kwa ajili ya nyama au mbolea asidhani ushauri huu ni wa wanyama wa kuchezewa tu. Utumbo ni ule ule, na sungura aliyekufa kwa gesi hana nyama ya kuuza. Kwa upande wa gharama, hakuna lililotajwa hapa kuwa bora linalohitaji fedha nyingi: nyasi zipo, matembele yapo, mchunga unaota bila kupandwa. Kinachohitajika ni kujua na kupima.

Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa mnyama asiyeweza kutapika msemo huo una uzito wa pekee. Wakazi wanaofuga sungura au wanaokusudia kuanza wanakaribishwa kumwona afisa mifugo wa kata kwa ushauri, na wasiofahamu jani fulani wanaombwa walete tawi lake likiwa bichi kabla ya kulipeleka bandani.